Barua ya wazi kwa wanaosimamia ruzuku za umma za miradi ya vijana

Waheshimiwa wakurugenzi wa idara za vijana, mameneja wa mifuko ya ruzuku na wajumbe wa kamati za tathmini,

Salamu kwenu. Nawaandikia kama mlezi wa vikundi vya vijana. Kila tangazo la maombi linapotoka, mimi ndiye ninayekaa nao mezani kujaza fomu zenu, kuanzia jina la kikundi hadi sahihi ya mwisho. Leo siombi fedha. Ninaomba mpunguze gharama ya kuziomba.

Gharama hiyo haimo kwenye vitabu vyenu. Wanaoilipa ni waombaji, na sehemu kubwa zaidi hulipwa na wale watakaokosa. Tuseme mfuko umetangaza ruzuku 10, vikundi 300 vimeomba, na kila andiko limekula saa 40, ukihesabu vikao, kufuatilia barua za utambulisho, kupanga bajeti na kupakia nyaraka. Jumla ni saa 12,000. Kati ya hizo, saa 11,600 zimetoka kwa vikundi 290 ambavyo havitapata chochote. Ni muda wa vijana ambao wengi wao hawana mshahara, na ungeweza kutumika kufanya kazi ileile mnayotaka kuifadhili.

Upande wa sayansi, jambo hili limeshapigiwa hesabu. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha makadirio ya muda uliotumika kuandaa maombi ya ruzuku za utafiti wa afya nchini mwao kwa mwaka mmoja tu, 2012. Ukijumlisha muda wa waombaji wote, ulizidi miaka 500 ya kazi, na karibu maombi manne kati ya matano hayakufadhiliwa. Hao ni watu wenye ofisi, kompyuta, na mara nyingi idara nzima ya kuwasaidia kuandika. Vijana ninaowalea hushika zamu kwenye simu moja, na mfumo wa maombi ukikaa bila kuguswa kwa muda unawatoa nje na kufuta walichoandika.

Nitawaeleza habari za kikundi kimoja. Ni vijana watano wanaotengeneza viti vya magurudumu vya watu wenye ulemavu. Wanabadilisha beringi, wanaziba pancha, wanachomelea fremu zilizokatika. Karakana yao ni baraza la nyumba ya wazazi wa mmoja wao. Tangazo la ruzuku lilipotoka walifurahi sana, kwa sababu ujumuishi wa watu wenye ulemavu ulitajwa kwenye mistari ya mwanzo kabisa. Tukafungua fomu.

Sehemu ya pili iliuliza uzoefu wa kusimamia ruzuku. Mfumo haukukubali kusonga mbele bila kutaja angalau ruzuku moja ya nyuma, jina la aliyeitoa na kiasi kilichopokelewa. Vijana hawa hawajawahi kupewa ruzuku na mtu yeyote. Mkubwa wao akauliza kama waandike sifuri. Tukaandika sifuri, ukurasa ukagoma. Mwishowe ilibidi tupige simu ofisini kuuliza, na tulijibiwa kwamba swali hilo ni la lazima kwa kila mwombaji. Tangazo lenyewe lilisema vikundi vipya vinahimizwa kuomba.

Bajeti ilikuwa ngumu zaidi. Kila kifaa kilitakiwa kiandikwe jina, idadi na bei, kisha kiambatanishwe na nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Sasa fundi wa viti vya magurudumu hawezi kujua leo kiti kitakacholetwa mwezi ujao kitakuwa kimeharibika wapi. Kimoja kitahitaji tairi, kingine breki, kingine fremu yote ikatwe na kuungwa upya. Anachojua, kwa uzoefu, ni wastani wa kinachotumika kwa kiti kimoja. Na hilo walilijua vizuri, kwa sababu msichana anayeweka kumbukumbu za kikundi ana daftari ambalo kila kiti kimeandikiwa mstari wake: tarehe kilipoingia, ubovu wake, kilichobadilishwa, kiasi kilichotumika, na namba ya simu ya mwenyewe. Mjumbe yeyote wa kamati angeweza kupiga namba tatu kati ya hizo na kupata ukweli wote kuhusu kikundi hiki ndani ya nusu saa. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuweka daftari. Ilikuwa na mahali pa kupakia hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili.

Hawakupata. Sisemi walistahili kuliko wengine, maana sikuyaona maandiko ya wengine. Ninachosema ni kwamba kamati haikupata nafasi ya kujua wanafanya nini, kwa sababu fomu haikuwauliza.

Najua mtajibu kwamba fedha ni za umma, mkaguzi anakuja kila mwaka, na kwamba mmeshawahi kuumwa na vikundi hewa. Ni jibu la haki na sitalipuuza. Fedha za kodi zikiliwa na watu wasiokuwepo, wanaoumia wa kwanza ni hawa vijana wangu. Ila tujiulize ni kitu gani hasa kinamnasa mdanganyifu. Kikundi hewa hakikosi nyaraka. Nyaraka ndicho kitu pekee kilicho nacho, na kwa hiyo huwa zimepangwa vizuri: katiba imechapwa, mihtasari ya vikao imesainiwa, mihuri ipo, nukuu tatu za bei zipo. Anayekosa muhtasari wa kikao ni yule aliyekuwa kazini siku ambayo mngependa awe kikaoni. Kila mnapoongeza nyaraka kwa kumwogopa mwizi, mwizi anaziongeza kwa urahisi kuliko mkweli, kwa kuwa yeye hana kazi nyingine ya kufanya. Kinachomnasa ni mtu kufika mahali, kukuta kazi au kukosa kazi, na kuongea na wanaohudumiwa. Afisa mmoja akitembelea vikundi 20 vilivyobaki kwenye mchujo atafichua zaidi ya kurasa 30 za viambatanisho kutoka kwa kila mmoja wa waombaji 300.

Hapo ndipo naomba mbadilishe mpangilio wenyewe wa kuomba. Hatua ya kwanza iwe kurasa mbili tu, au dakika chache za sauti iliyorekodiwa kwa asiyeweza kuandika vizuri: mnafanya nini, mnamfanyia nani, mnahitaji nini, mtajuaje kuwa imefanikiwa. Nyaraka za usajili, akaunti ya benki, watia saini na mchanganuo wa bajeti ziombwe baadaye, kwa wale waliopita mchujo. Kwenye mfano wangu wa mwanzo, kurasa mbili zikichukua saa sita, vikundi 300 vitatumia saa 1,800. Vikundi 20 vitakavyobaki vikitumia saa 40 zaidi kila kimoja, ni saa 800 nyingine. Jumla ni saa 2,600 badala ya 12,000. Kamati nayo itapumua. Nimeongea na watu waliowahi kukaa kwenye kamati hizi, na hakuna aliyeniambia kwamba alisoma kila andiko hadi mwisho kwa umakini uleule.

Kuna jambo lingine linalohusu lugha ya fomu. Mkimuuliza kijana mtafanya nini na kwa nini, atawajibu. Mkimtaka atenganishe zao, tokeo na athari ya muda mrefu kwenye jedwali la safu saba, kisha aeleze nadharia ya mabadiliko kwa herufi zisizozidi 1,500, atatafuta mtu wa kumwandikia. Na watu hao wapo. Wengine huchukua malipo kabla, wengine huchukua asilimia ya ruzuku ikitoka, na andiko la kikundi cha muziki linafanana neno kwa neno na la kikundi cha kilimo kwa sababu limetoka kwenye faili moja. Siku hizi kuna na programu za akili mnemba zinazotoa andiko safi kwa dakika chache. Siwalaumu vijana wanaozitumia. Fomu ndiyo iliyowafundisha kwamba kinachotafutwa ni maneno ya namna fulani. Lakini nyinyi mnaotoa alama mnapaswa kujiuliza mnapima nini pale maandiko yote 300 yanapokuwa yamenyooka sawasawa.

Kuhusu usajili, nitakuwa mfupi. Kuna vikundi vinavyofaa kusajiliwa na kuna kazi ambazo hazihitaji taasisi. Vijana wanaotaka kusafisha mto kwa miezi sita na kisha kila mtu ashike njia yake hawana sababu ya kuwa na katiba, mwenyekiti, mweka hazina na ada ya kila mwaka. Hili linawezekana kiutawala. Mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao European Solidarity Corps unafadhili miradi inayobuniwa na kuendeshwa na kundi la vijana wasiopungua watano wenye umri wa miaka 18 hadi 30, kwa kipindi cha miezi miwili hadi 12, na kundi lisilo rasmi linaruhusiwa kuomba. Tena mpango huo unaruhusu gharama za mtu wa kuwaelekeza ziwemo kwenye ruzuku. Fedha za umma za Ulaya nazo zina wakaguzi.

Na umri? Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa kwa takwimu zake hutumia miaka 15 hadi 24. Kwa hesabu zote mbili, mtu wa miaka 16 ni kijana kamili, na kwenye mabango ya matangazo yenu sura za umri huo ndizo zinazotabasamu. Lakini mkataba wa ruzuku hawezi kuusaini, na akaunti ya benki kwa jina lake mwenyewe mara nyingi hawezi kuifungua. Matokeo yake fedha za vijana zinaombwa na watu wa miaka 30 na kuendelea, na wadogo wanaitwa siku ya uzinduzi kuja kujaza viti. Suluhisho si gumu: ruhusuni shule, maktaba, kituo cha vijana au taasisi nyingine iliyosajiliwa ipokee na kutunza fedha kwa niaba yao, na maamuzi ya mradi yabaki kwa vijana wenyewe kwa maandishi. Mtu mzima awe mtunza fedha, asiwe mwenye mradi.

Sasa niseme kuhusu linaloniuma zaidi, nalo ni namna fedha zinavyotoka.

Mifuko mingi hurejesha gharama. Unatumia fedha zako, unakusanya risiti, unawasilisha, unasubiri. Kwa kampuni yenye fedha za mzunguko huu ni usumbufu mdogo. Kwa vijana wasio na kitu ni sawa na kuwaambia mmewapa ruzuku huku mkiwaachia mzigo wa kuikopa kwanza. Nimeona kikundi kilichoshinda kikakopa kwa ndugu ili kuanza mradi, malipo yakachelewa, na mwenyekiti akawa hawezi kwenda kwao kwa kuona aibu. Kijana huyo aliandika andiko zuri, akafanya kazi, akatoa taarifa kwa wakati. Alichovuna ni deni na ugomvi wa kifamilia. Zaidi ya hapo mnadai mchango wa mwombaji, asilimia 10 au 20 ya bajeti, taslimu. Anayeweza kuitoa ni yule ambaye hakuwa na shida sana. Kubalini saa za kazi za wanachama zihesabiwe kuwa ndio mchango wao. Wanazitoa tayari.

Ninaomba malipo ya awali yatosheleze kuanza na kufika katikati ya mradi, na sehemu inayobaki ilipwe ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Mkataba unampa kijana tarehe ya mwisho ya kila kitu. Nyinyi nanyi jiwekeeni tarehe. Tamasha la likizo za shule likilipwa baada ya shule kufunguliwa limekufa, hata kama fedha zimefika zote.

Risiti pia zinaweza kupunguzwa bila kufungua mlango wa wizi. Umoja wa Ulaya, katika mpango wake wa Erasmus+, ulianzisha mwaka 2021 ruzuku za ushirikiano mdogo zinazolipwa kwa kiasi maalumu, yuro 30,000 au 60,000, kwa lengo la kuwavuta wageni na taasisi ndogo. Kinachoangaliwa mwishoni ni kama shughuli mlizoahidi zimefanyika na kwa ubora gani, si kila tiketi ya basi. Kwa ruzuku ndogo kuliko hizo, hoja ina nguvu zaidi. Wale mafundi wangekubaliana nanyi kiasi kwa kila kiti kilichotengenezwa, mkatuma mtu kuhesabu viti, na kazi ya ukaguzi ikaisha siku hiyohiyo. Badala yake mtu wa miaka 20 anahangaika kutafuta risiti ya kielektroniki kwa fundi wa kuchomelea ambaye hana mashine ya kuitoa.

Halafu kuna barua ya kukataliwa. Mnaijua, kwa sababu ni ileile kwa wote: tunashukuru kwa kuomba, idadi ya maombi ilikuwa kubwa kuliko fedha zilizopo, tunawatakia kila la heri. Wengine hawapati hata hiyo. Wanajua wamekosa pale wanapoona picha za waliopata. Kamati ilishatoa alama. Alama zipo kwenye jedwali, kigezo kwa kigezo. Kumpelekea mwombaji alama zake mwenyewe na mistari miwili ya mjumbe aliyesoma andiko lake hakuwagharimu chochote cha maana, na kunampa kitu cha kurekebisha. Asipopata maelezo atajitungia sababu, na sababu ya kwanza kumjia ni kwamba waliopata wanajuana na mtu. Mara nyingine anakosea. Lakini hamjampa njia ya kujua kwamba amekosea, na mwaka ujao haombi tena, na wenzake wanaomsikiliza hawaombi.

Semeni ukweli pia pale tofauti isipokuwepo. Kati ya andiko la 10 lililopata kwa alama 75 na la 11 lililokosa kwa 74, mtu mwenye haki hawezi kuapa kwamba la kwanza ni bora. Wasomaji wengine wawili wangeweza kuyapindua. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza mwaka 2013 kutumia kura ya bahati kwa aina moja ya ruzuku zake: maombi yanachujwa kwanza kwa vigezo, kisha yaliyofaulu yanapigiwa kura. Mfuko wa sayansi wa Uswisi ulikubali mwaka 2021 kura itumike pale kamati inaposhindwa kutenganisha maandiko yanayolingana. Kijana aliyekosa kwa kura iliyopigwa hadharani, baada ya kuambiwa kwamba andiko lake lilifaa, anarudi nyumbani na heshima yake na anaomba tena.

Na kwenye viti vya kamati, wekeni vijana wenye kura kamili. Mji wa Porto Alegre, Brazil, ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya mji, na utaratibu huo umeigwa na miji mingi duniani. Boston, Marekani, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014: ilitenga dola milioni 1 za bajeti ya mji ziamuliwe na vijana peke yao, wakiwemo wa miaka 12. Walikusanya mapendekezo, wakayageuza kuwa miradi wakisaidiwa na watumishi wa mji, kisha wakapiga kura. Mimi siwaombi mwachie bajeti nzima. Naomba viti viwili au vitatu kwenye kamati ya watu tisa, kwa watu wanaojua kikundi cha kazi kinafananaje na kikundi cha makaratasi.

Yote haya hayahitaji sheria mpya wala fungu jipya. Mengi yako ndani ya mamlaka ya mtu mmoja anayeidhinisha fomu kabla haijawekwa kwenye tovuti. Kwa hiyo naanzia kwake. Kabla ya tangazo lijalo, tafuteni kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuomba ruzuku popote, mpeni fomu yenu na simu ya kawaida, kaeni pembeni yake hadi amalize, na msimsaidie. Andikeni kila swali lililomkwamisha na kila mahali alipouliza maana yake nini. Kisha lifuteni swali hilo au liandikeni upya. Mkikosa kijana wa kumkalisha, ninao, na watakuja siku yoyote mtakayopanga, mradi fomu iwe bado haijatangazwa.

Wenu,
Mlezi wa vikundi vya vijana